Chura ana karatasi, lakini mama yake alizaliwa wapi?

"Mjomba shikamoo. Nataka kuleta chura wawili huku, wale wa Kihansi. Nitafuata sheria zote, wewe niambie tu karatasi gani zinahitajika."

Ujumbe huo ulitoka kwa mtoto wa dada yangu anayeishi Ujerumani. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo lenye taa, mimea na kinyunyizio cha maji, na amekuwa akifuga vyura kwa uangalifu ambao wengine hawaupati hata wakifuga mbwa. Aliniuliza mimi kwa sababu kabla sijaanza kuandika nilikuwa wakala wa forodha, na mizigo ya wanyama hai ilipita mikononi mwangu. Nikaitikia marahaba, kisha nikakaa na swali lake siku nzima. Jibu fupi ni kwamba haiwezekani. Ila kumwambia mtu haiwezekani bila kumweleza kwa nini ni kumsukuma kwa wale watakaomwambia inawezekana, na hao hawakosekani.

Tuanze na chura mwenyewe. Chura wa Kihansi, ambaye wanasayansi wanamwita Nectophrynoides asperginis, ni mdogo kiasi kwamba jike lililokomaa halifiki sentimita 3. Rangi yake ni ya njano inayokaribia dhahabu. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Watafiti walimkuta mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na maelezo yake ya kisayansi yakachapishwa mwaka 1999. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu za mimea iliyokuwa ikiloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Kisha maji yakaondolewa. Kituo cha umeme cha Kihansi, chenye uwezo wa megawati 180, kilipitisha sehemu kubwa mno ya maji ya mto kwenye handaki, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, huku korongoni mabomba ya kunyunyizia maji yakiwekwa kujaribu kurudisha unyevu. Kwa muda ilionekana kama mabomba yamefanikiwa, kwani katikati ya mwaka 2003 vyura waliokadiriwa kuwapo walikuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wanahesabika kwa vidole. Fangasi inayoua vyura ilikuwa imeonekana kwenye mizoga. Mwaka 2009 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, ulimtangaza kuwa ametoweka porini.

Kule Marekani nako haikuwa rahisi. Wale 499 waligawanywa kwenye bustani kadhaa, wengi wakafa, na mwishowe zikabaki Bronx na Toledo tu. Wahudumu walilazimika kujifunza upya kila kitu, toka mwanga na chakula hadi ukubwa wa mdudu anayeweza kumezwa na mdomo wa chura aliyezaliwa leo. Ndipo wakaanza kuongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Nakumbuka maneno yaliyokuwa yakisemwa vijiweni wakati ule: chura anapanda ndege kwenda Marekani, mgonjwa wa kijijini anakosa gari la kumpeleka hospitali. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake na sitayabeza. Lakini ile safari ndiyo mfano bora nilionao wa jinsi mnyama adimu anavyovuka mpaka kwa halali. Serikali mbili zilijua. Idadi ilijulikana, mahali walikotoka palijulikana, walikokwenda palijulikana, na uzao wao ulikuja kurudi.

Sasa rudi kwa mpwa wangu na tangi lake. Jenasi nzima ya Nectophrynoides, yaani kundi la vyura ndugu wanaobeba jina hilo, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza (orodha yenye ulinzi mkali zaidi) cha Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mkataba uanze kufanya kazi mwaka 1975. Yaani chura wa Kihansi alikuwa analindwa miaka 24 kabla ya kupewa jina, kwa kuwa tu alikuja kuangukia kwenye ukoo uliokwisha kuandikwa. Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Kwa mnyama wa Kiambatisho cha Kwanza, nchi inayompokea ndiyo inayotangulia kutoa kibali. Inapaswa kujiridhisha kwamba biashara si lengo kuu na kwamba kumwingiza hakutahatarisha uhai wa spishi. Baada ya hapo ndipo nchi anakotoka inatoa kibali chake. Na Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waliobaki na wanyama wawasafirishe ndani ya miezi sita, kelele zikawa nyingi, wizara ikalisitisha mara moja. Kwa hiyo mtu yeyote, awe Hamburg, Dubai au Toronto, anayemwambia mteja kwamba anamuuzia chura wa Kihansi wa kufuga nyumbani "mwenye karatasi", anamuuzia kesi.

Mpwa wangu alilielewa hilo haraka. Akauliza la pili, ambalo ndilo gumu: "Basi mjomba, yule ambaye hayumo kwenye kiambatisho?"

Hapo inabidi nisimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu, miaka kadhaa kabla ya zuio la 2016. Ilikuwa ghala la mizigo la uwanja wa ndege, saa nne usiku. Kulikuwa na maboksi ya povu yaliyotobolewa ubavuni, na ndani ya kila boksi vikopo vya plastiki vimepangwa kama mayai kwenye trei. Mkaguzi aliniomba nimshikie tochi. Tukafungua kopo moja. Ndani, juu ya kipande cha sponji chenye unyevu, walikaa vyura wekundu wawili, wale wenye mgongo wa rangi ya matofali na mstari mweusi ubavuni, ambao wakulima wanakutana nao mvua zikianza. Karatasi ilisema wamezaliwa na kulelewa kwenye mabwawa ya ufugaji. Mmoja pua yake ilikuwa imechubuka hadi nyama, kama anavyochubuka chura wa porini anayejigonga kwenye ukuta asioujua. Katikati ya vidole vya mguu wa nyuma kulikuwa na tope kavu. Mkaguzi alilitazama lile tope, akaitazama karatasi, akagonga muhuri. Nami nilikuwa nimeshikilia tochi, na mzigo ule nilikuwa nimeuandalia nyaraka mwenyewe. Kila saini ilikuwa mahali pake.

Tangu usiku ule sijaamini tena kwamba kuingiza mnyama kihalali ni suala la kukamilisha karatasi. Karatasi zinaeleza safari. Mara nyingi haziwezi kueleza mwanzo wake. Ndiyo maana mtu anayetaka chura adimu namshauri aanze na swali moja kabla hajauliza bei: mama yake alizaliwa wapi?

Wanaohusika na CITES wana njia yao ya kuliuliza swali hilo hilo. Kwenye kibali kuna kisanduku cha asili ya mnyama, kinachojazwa herufi moja. W ni wa porini. C ni aliyezalishwa kwenye ufugaji, na si kwa maana nyepesi: wazazi wake wawe walipandana kizuizini, na ufugaji huo uwe umethibitika kuweza kufika kizazi cha pili na kuendelea bila kuchota tena porini. F ni aliyezaliwa kizuizini lakini hafikii kiwango hicho, mfano mtoto wa jike lililokamatwa na mimba yake. Kati ya herufi hizo tatu, C ndiyo inayouzika, na kwa hiyo ndiyo inayodanganywa zaidi. Anayemkamata chura bondeni Jumatatu anaweza kumfanya C kufikia Ijumaa, kwa kalamu tu.

Kuna dalili ambazo mnunuzi anaweza kuzisoma mwenyewe. Mfugaji wa kweli huuza vyura wadogo wa rika moja, kwa sababu walizaliwa mkupuo mmoja. Anayekuletea wakubwa ishirini waliokomaa, wenye makovu na ukubwa tofauti, kawaokota. Mfugaji wa kweli anakuonyesha wazazi, anakutajia tarehe, ana picha za mayai na viluwiluwi, na atakueleza kwa kirefu jinsi alivyowapoteza wengi kabla hajapata njia. Muulize walikula nini wiki ya kwanza. Mwokotaji hana jibu la swali hilo.

Kwa Mmarekani, swali la asili lina meno ya kisheria. Sheria ya Lacey, iliyotungwa mwaka 1900 na kupanuliwa baadaye, inafanya kuwa kosa Marekani kuingiza mnyama aliyekamatwa au kuuzwa kinyume cha sheria ya nchi alikotoka, hata kama hayumo kwenye kiambatisho chochote. Mzigo unapita kwenye bandari au uwanja uliotengwa kwa wanyamapori, unatangazwa kwa Fomu 3-177, na kwa wanyama hai wakaguzi wanataka taarifa saa 48 kabla. Ukisema uongo kuhusu bonde alikotoka chura, umesema uongo mbele ya serikali yao.

Ulaya mambo ni tofauti, na hapa ndipo nilipokuwa mkali kwa mpwa wangu. Umoja wa Ulaya una kanuni zake, Namba 338/97, zinazofuata CITES na kwa sehemu nyingine kuizidi, ambapo kwa spishi nyingi zilizoorodheshwa mwingizaji anahitaji kibali cha Ulaya juu ya kile cha nchi ya asili. Kwa walio kwenye orodha, uzio ni imara. Kwa asiyekuwamo, mlango umekuwa wazi miaka yote. Mjusi asiye na masikio wa Borneo alikuwa analindwa na sheria za Malaysia, Indonesia na Brunei kwa miongo kadhaa. Hakuna hata moja iliyokuwa imeruhusu auzwe nje. Lakini alipofikishwa Ulaya aliuzwa hadharani kwa maelfu ya yuro, kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya CITES hadi nchi wanachama zilipompigia kura mwaka 2016. Aliyemwiba alikuwa mhalifu Borneo, na aliyemnunua alikuwa raia mwema Ujerumani. Sioni namna ya kuutetea utaratibu huo. Nchi zenye wanyama hao ni maskini wa wakaguzi, na nchi zenye wanunuzi zina wakaguzi wa kutosha, kisha wale wakaguzi wanaambiwa sheria ya kwetu haiwahusu.

Kwa hiyo jibu langu kwa "yule ambaye hayumo kwenye kiambatisho" likawa hili: tafuta sheria ya nchi yake, ujue ni ofisi gani inatoa kibali cha kumtoa, na kama nchi hiyo haitoi, usimchukue hata kama forodha ya kwako itakuchekea. Ukishapata kibali cha huko, yanayobaki ni kazi ya mikono: cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, kituo cha ukaguzi mpakani kinachopokea wanyama hai, shirika la ndege linalokubali kubeba kwa kanuni za IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), vyombo vyenye hewa na unyevu bila maji ya kutuama, na siku ambayo si ya joto kali wala baridi kali. Mabegi ya mkononi yasihusike kabisa.

Jambo ambalo wafugaji wengi hulipita haraka, nami sitaki kulipita, ni ugonjwa. Fangasi iliyokutwa Kihansi inaitwa Batrachochytrium dendrobatidis. Inashika ngozi, na chura anategemea ngozi kunywa maji na kusawazisha chumvi mwilini, hivyo moyo unasimama. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilihesabu angalau spishi 501 za vyura na jamaa zao zilizopungua kwa sababu yake, kati ya hizo 90 zikiaminika kutoweka. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka mmoja kabla ulifuatilia chimbuko lake hadi Asia ya Mashariki, eneo la rasi ya Korea, na watafiti wakainyooshea kidole biashara ya vyura kama njia iliyoisambaza duniani. Kwa maneno mengine, tangi la kioo la Ulaya na korongo la Udzungwa ziko kwenye barabara moja.

Ndiyo maana chura mgeni, hata mwenye herufi C ya kweli, anatengwa chumba chake kwa miezi miwili au mitatu. Anafutwa ngozi kwa pamba na sampuli kupelekwa maabara kupimwa. Ana koleo lake, glavu zake na ndoo yake. Maji yake machafu yanatiwa dawa ya klorini kabla ya kumwagwa. Na siku ukimchoka, hutamwachia bustanini. Madagaska inalipa gharama hiyo sasa hivi: chura wa Asia aliyegunduliwa maeneo ya Toamasina mwaka 2014 anaendelea kusambaa, na sumu ya ngozi yake ni hatari kwa karibu kila mnyama wa kisiwa hicho anayethubutu kumla.

Watu wa hifadhi huwa wananiuliza kama basi si afadhali biashara yote ifungwe. Sikubaliani nao, na ninajua nitawaudhi baadhi ya marafiki. Kolombia kuna kampuni iitwayo Tesoros de Colombia, iliyoanzishwa na Iván Lozano, ambayo inazalisha vyura wenye sumu wa nchi hiyo na kuwasafirisha kwa vibali vya serikali yao. Ilimchukua miaka ya kuhangaika na ofisi kabla ya kuruhusiwa. Hoja yake ni rahisi: mfugaji wa Marekani au Ulaya akipata chura mwenye afya, mwenye karatasi safi, kwa bei nzuri, yule anayebeba vyura mia ndani ya mikebe ya filamu atakosa mteja. Faida inabaki nchini, na ujuzi wa kuzalisha unabaki nchini.

Sisi tulifunga mlango mwaka 2016, na baada ya usiku wa ile tochi siwezi kusema tulikosea. Kumbukumbu ya twiga waliotoroshwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro mwaka 2010 ilikuwa bado mbichi. Lakini kufunga mlango si sera, ni kituo cha kupumzikia. Dar es Salaam pana watu waliojifunza kumzalisha chura mmoja mgumu kuliko karibu wote duniani. Wangeweza kufundisha vijana wa Morogoro na Muheza kuzalisha chura wa kawaida, huyo mwekundu wa mvua za kwanza kwa mfano, kwenye mabwawa yanayokaguliwa kweli, kila kizazi kikiandikwa. Mkaguzi akifika aone viluwiluwi, si karatasi. Chura wa Kihansi na ndugu zake wabaki nje kabisa ya mpango huo.

Na hapa narudi kwenye lile nililokuomba ushikilie. Kwenye milima ya Ukaguru yupo chura mwingine, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2002. Waliompa jina hawakwenda kwenye Kilatini wala Kigiriki. Walichukua Kiswahili chetu: Churamiti maridadi. Jenasi yake ina yeye peke yake. Wamepatikana wachache mno, na IUCN imemweka daraja la walio hatarini kabisa. Ana rangi ambazo mwenye tangi angezilipia chochote. Lakini kwa kuwa alipewa jenasi yake mwenyewe, nje ya Nectophrynoides, ule mwavuli wa 1975 uliomfunika chura wa Kihansi kabla hajajulikana haumfuniki yeye. Hayumo kwenye kiambatisho chochote cha CITES. Akitoroshwa leo na kufika Ulaya, atakuwa kwenye hali ile ile ya mjusi wa Borneo.

Wapo wanaohofia kwamba kumtaja kwenye orodha ni kumtangaza na kumpandishia bei. Nimeifikiria hofu hiyo kwa uzito. Lakini wanaotafuta chura adimu husoma majarida ya sayansi kuliko mimi na wewe, na wanamjua tayari. Wasiomjua ni maofisa wa forodha, kwa sababu wao husoma orodha.

Mpwa wangu mwishowe alinunua vyura watatu wenye tumbo jekundu, wenye asili ya Korea na China, kwa mfugaji wa mji wa jirani, watoto wa wazazi aliowaona kwa macho yake. Wamekaa chumba cha peke yao wiki kumi, na majibu ya maabara yalikuja safi. Alinitumia picha ya mmoja amegeuka kidogo, tumbo likiwaka kama kaa la moto. Akaniuliza kama kuna lolote anaweza kufanya kwa ajili ya vyura wa nyumbani.

Nilimwambia kuhusu Kiambatisho cha Tatu. Viambatisho viwili vya kwanza vinahitaji kura ya mkutano wa nchi wanachama, unaofanyika kila baada ya miaka miwili au mitatu. Cha tatu hakihitaji kura. Nchi yenye mnyama anayelindwa na sheria zake inamwandikisha yenyewe, wakati wowote, kwa kuiarifu sekretarieti ya CITES, na siku 90 baadaye jina linaanza kufanya kazi. Tangu siku hiyo, kila mzigo wa spishi hiyo unaotoka katika nchi hiyo unadaiwa kibali cha nchi hiyo kwenye mipaka ya nchi zaidi ya 180. Kwa chura wa Ukaguru, kinachohitajika ni barua moja kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma, yenye maneno mawili ya Kiswahili ambayo sekretarieti haitahitaji kuyatafsiri, kwa kuwa ndilo jina lake la kisayansi.